Sifuri ya Tarehe Kumi na Mbili

Jumatatu, 9 Machi

Dada, nisamehe kwa kuchelewa kukuandikia. Tangu tumzike mama imepita miezi mitano, na kila wiki nimejiambia nitaandika Jumapili. Jumapili ikifika, Bosi anaota jino, au nguo zimegoma kukauka, au nina hasira na wewe na sitaki uione kwenye mwandiko. Leo hasira bado ipo, ila nimechoka kuilea pamoja na mtoto. Bosi ni huyu binti yangu. Ana miezi minane, tunamwita hivyo kwa sababu hafanyi kazi yoyote na anafoka kutwa. Hujawahi kumbeba.

Wiki iliyopita pale dukani kwetu, kwenye fotokopi, mhadhiri mmoja ameleta mswada wa kuchapwa. Ni historia ya mafuriko yale. Mwezi wa tano inatimia miaka ishirini na mitatu, na wanataka kitabu kitoke siku ya kumbukumbu. Leo nimefika ukurasa wa hamsini na tatu. Naunakili kama ulivyo:

“Asubuhi ya tarehe 12 Mei, msoma mvua wa kituo cha juu hakusoma kipimo wala hakutoa taarifa. Daftari lake la siku hiyo linaonyesha sifuri. Saa saba mchana maji yaliingia mtaa wa bondeni na kuua watu arobaini na mmoja.”

Jina lake halimo. Lakini kituo cha juu kilikuwa na msoma mvua mmoja tu, na huyo ndiye aliyetuzaa.

10 Machi

Mvua. Nimechapa kurasa kumi na nne. Ule wa mama nimeuruka.

Alhamisi, 12 Machi

Mwenye duka amehesabu kurasa akakuta moja haipo. Nikamwambia sikuisoma vizuri. Akavaa miwani, akaisoma yeye, akasema maandishi ni meusi tii, hata kipofu angechapa. Kisha akaniambia, “Mama Bosi, wewe umeajiriwa kuchapa, hukuajiriwa kusoma.”

Nimeichapa. Mkono wangu mwenyewe, dada. Koma na nukta zote zimekaa mahali pake.

Yeye hajui kwamba ni mama yangu. Watu wengi hapa hawajui. Baada ya kufukuzwa kazi alifua mashuka ya nyumba ya wageni miaka kumi na tisa, wakamjua kwa mashuka.

13 Machi

Bosi ana homa. Sikwenda kazini.

Jumatatu, 16 Machi

Nimemwambia mhadhiri.

Pale dukani tunamwita Bwana Nanikasema, maana ukimwambia hata kwamba umeme umekatika atakuuliza nani kasema. Alikuja kuchukua kurasa zilizokwisha. Bosi nilikuwa nimemlaza kwenye boksi la karatasi chini ya meza. Nikamwambia ukurasa wa hamsini na tatu una uongo. Nilitegemea aniulize lile swali lake, na kweli akaliuliza, lakini kwa sauti ya chini, kisha akavuta kiti.

Nikasema mama yangu hakukosa kusoma kipimo hata siku moja. Hata baada ya kufukuzwa aliweka kopo uani na kupima mvua kwa rula, kila siku saa tatu asubuhi, mpaka alipolazwa.

Hakunicheka. Alisema wewe ni mtoto wake, siku ile ulikuwa na miaka minne, unachokijua umeambiwa. Kisha akanifundisha kama mwanafunzi wake. Kuna chanzo cha msingi: kitu kilichotengenezwa wakati wa tukio, au na mtu aliyekuwepo. Daftari, barua, picha, risiti, mtu aliyeona kwa macho. Halafu kuna chanzo cha upili, yaani mtu wa baadaye anayesoma hivyo vya kwanza na kueleza. Kitabu chake ni cha upili. Vitabu vitano alivyovitumia ni vya upili. “Niletee cha msingi,” akasema, “nami nitafuta mstari wangu mbele yako.”

Akaniambia pia jambo ambalo ndilo lililonifanya niendelee na daftari hili: kilichoandikwa siku ileile kina uzito, kwa sababu akili ikilala juu ya jambo huanza kulipamba. Basi naandika kabla sijalala.

19 Machi

Mvua, mvua, nepi haikauki hata moja.

Jumamosi, 21 Machi

Baba Bosi amepiga simu. Lori lao limezuiwa, barabara imekatika. Nikamweleza habari ya kitabu. Akasema niache wafu walale. Nikamwambia mama halali, amelazwa na watu.

Bwana Nanikasema ameniazima vile vitabu vitano. Nimevisoma nikinyonyesha, kidole kikiwa kwenye rejea za chini ya kurasa. Kitabu cha tano kinasema mama alizembea, kimepata kwenye cha tatu. Cha tatu kimepata kwenye cha kwanza. Cha nne kimepata kwenye cha tatu na cha kwanza, kikajiona kina mashahidi wawili. Cha kwanza, na cha pili pia, vimetoa kwenye ripoti ya tume iliyochunguza mafuriko yale, ukurasa wa thelathini na moja. Watu watano, dada, wote wamekaa kwenye kiti kimoja, na sisi kwa miaka yote tukadhani ni baraza.

Wewe ulikuwa na kile cha tatu. Nakikumbuka kwenye rafu yako, kina jalada la kijani. Ulikisoma ukiwa chuoni, na tangu hapo ulipokuja likizo ulikuwa unamsalimia mama ukiwa umesimama.

Jumanne, 24 Machi

Nimekwenda masjala ya idara ya maji na barua ya mhadhiri, Bosi mgongoni. Karani wa pale ni mwanamke mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliisoma barua, akaigeuza nyuma kuona kama kuna kitu, akasema watoto hawaruhusiwi kwenye nyaraka. Nikamwambia huyu hajui kusoma, hataiba siri yoyote. Akakaza uso, kisha tabasamu likamponyoka. Akatuingiza.

Daftari la mvua la mwaka ule ni refu, limejaa vumbi, gamba lake la nje limebanduka. Mwandiko wa mama, dada. Ile saba yake yenye mkia. Nilikaa nalo magotini kwanza, sikulifungua haraka.

Mei. Mstari wa tarehe 12: sifuri. Ni kweli imeandikwa. Miaka yote nilikuwa nabishana na vitabu, na hapa ni mkono wake mwenyewe unaandika sifuri.

Ndipo jicho likapanda mstari mmoja juu. Tarehe 11: 148.6.

Hapo nikajua. Nilipokuwa darasa la pili mama alinituma nikasome kopo la uani. Nikarudi nikaandika namba kwenye tarehe ya leo, akanichapa kofi jepesi la mgongoni: “Mvua ya asubuhi hii ni ya jana. Andika jana.” Niliona ni upuuzi. Kumbe ndivyo walivyofanya kazi wote. Unachokikuta kwenye kipimo saa tatu asubuhi kimenyesha tangu jana saa tatu, kwa hiyo kinaandikwa kwenye mstari wa jana. Milimita mia moja arobaini na nane alizozikuta asubuhi ya tarehe 12 ziko pale zinapotakiwa kuwa, kwenye 11. Ile sifuri ni ya asubuhi ya tarehe 13, mvua ikiwa imekwisha na watu wanatafutwa kwenye matope.

Nimemwomba karani atafute lile gamba lililobanduka. Alilikuta chini ya rafu, limetumika kuzuia dirisha lisigonge. Kwa ndani limebandikwa maagizo yaliyopigwa chapa, namba nne: “Kiasi kitakachosomwa saa tatu asubuhi kiandikwe kwenye mstari wa siku iliyotangulia.”

Tume hawakuyasoma. Wala wale watano.

Ijumaa, 27 Machi

Bwana Nanikasema amekuja masjala mwenyewe. Alilisoma lile gamba kwa kidole, mstari kwa mstari. Akasema daftari hili amelisoma mara tatu. Nikamuuliza nani kasema. Karani alicheka mpaka uzi wa miwani ukakatika.

Nilidhani tumemaliza. Nilikuwa tayari nimemsamehe. Lakini akageuza kurasa taratibu, akauliza mbona mwezi mzima una wino wa aina moja, safi, hauna tone la mvua. Nikamjibu mama alisoma kwanza kwenye kijitabu cha mfukoni kwa penseli, palepale kwenye kipimo, akaja kunakili nyumbani. Kila msoma mvua alifanya hivyo. Akasema basi hata hili daftari ni nakala. Je, nani aliona kwamba ile 148.6 iliandikwa asubuhi ile, na si jioni baada ya maiti kuanza kuokotwa?

Nilitaka kumpiga kwa gamba. Lakini njiani, matope yakinivua ndala, nikaona swali ni la haki. Hakunionea. Kama ningekuwa ninamchunguza mama wa mtu mwingine, ningeliuliza mimi.

Amekubali kubadili “hakusoma kipimo” kuwa “huenda alisoma.” Yale mengine, ya kutotoa taarifa, yamebaki. Na hayo ndiyo yaliyoua watu.

2 Aprili

Huenda. Nimelichapa neno hilo leo. Herufi sita.

6 Aprili

Jino limetoka.

Jumatano, 8 Aprili

Nimepata kusoma ripoti yenyewe ya tume. Karani amenitafutia, siku hizi ananihifadhia kiti na kumbeba Bosi akiwa anapanga mafaili. Ukurasa wa thelathini na moja una aya mbili tu. Ya kwanza ni ile sifuri. Ya pili naiweka hapa neno kwa neno:

“Msomaji alidai kwamba alituma taarifa kwa maandishi ofisi ya simu kabla ya saa nne. Alipoulizwa ilipelekwa na nani, alikataa kusema. Alipoulizwa mara ya pili, alikaa kimya. Tume inaamini kwamba mjumbe huyo hakuwepo.”

Nimeisoma mpaka karani akaniuliza kama naumwa. Mama huyu, aliyekuwa akitaja mpaka namba ya basi alilopanda mwaka gani, anashindwa kutaja mtu mmoja akajiokoa?

Kwa mara ya kwanza nilimtilia shaka, dada. Naandika ili iwe imeandikwa.

13 Aprili

Jua kidogo asubuhi. Nimeanika kila kitu, mchana kimelowa tena.

Ijumaa, 17 Aprili

Leo nitaandika mpaka wino uishe.

Wastaafu wamekuja dukani kutoa nakala za fomu ya kuthibitisha kwamba wangali hai. Huwa ni siku ya foleni na kikohozi. Mzee mmoja, mrefu, mwenye fimbo yenye ncha ya mpira, alikuwa anangoja nakala zake mbele ya meza yangu, akaona jalada la mswada. Akasoma kichwa chake kwa sauti, akaniuliza kitabu kinasemaje kuhusu ofisi ya simu. Nikamjibu hakisemi kitu. Akashusha pumzi kama mtu aliyeambiwa daktari hajaona ugonjwa.

Nikamuuliza alifanya kazi gani. Akasema, simu. Miaka thelathini, mitambo ya ofisi ileile.

Nikamhamishia kwenye benchi la nyuma, penye marundo ya karatasi, nikampa maji. Sikumwambia mimi ni nani. Nilimuuliza tu kama asubuhi ya tarehe 12 aliletewa kitu. Alikaa anazungusha kofia. Kisha akasema, na haya ni maneno yake, nimeyaandika palepale nyuma ya fomu iliyoharibika:

“Alikuja mwanafunzi. Msichana, sare ya bluu, amelowa chapachapa kwa kuvuka maji. Karatasi kaiweka kwenye mfuko wa nailoni, yeye kalowa karatasi imekauka. Nikamwambia laini imekufa, weka hapo, ikirudi nitapiga. Akasema ameambiwa asiondoke mpaka nipige. Nikamfokea. Nikamwambia nenda shule.”

Nikamuuliza laini ilirudi saa ngapi.

“Saa tano. Mimi nilikuwa nimetoka kunywa chai. Niliporudi ilikuwa saa saba kasoro.”

Karatasi aliichoma jikoni kwake wiki ileile. Tume walipomwita, akasema hakupokea kitu.

Nikamwomba aandike. Nikamwekea kalamu mkononi kabisa. Akairudisha mezani kwa upole, akasema pensheni yake inasainiwa na ofisi hiyohiyo, na ana wajukuu watatu chini ya paa lake. “Nimekwambia wewe, mwanangu. Karatasi sijaiambia.” Nikamwambia mama yule amekufa akiitwa muuaji. Akasema anajua, alikuwa akimuona anaanika mashuka, na siku zote alipita njia nyingine.

Alipokuwa anaondoka nikamuuliza swali la mwisho, kama yule msichana alikuwa na alama yoyote. Akagusa kidevu chake, upande wa kushoto. Akasema alikuwa na kovu hapa, kama mwezi mchanga.

18 Aprili

Sikuweza kuandika.

Jumatatu, 20 Aprili

Nimemweleza Bwana Nanikasema maneno ya mzee. Akasikiliza yote. Akasema anayaamini, lakini kuamini kwake si chanzo. Mzee hataki kuandika, hataki kutajwa; kwa hiyo kilichopo ni mimi nikisema kwamba mtu fulani amesema. Mswada unakwenda kiwandani tarehe 8 Mei. Kwa sasa anachoweza ni kuweka tanbihi chini ya ukurasa: kuna madai tofauti ya familia.

Nimemwambia tanbihi ni mahali pa kuweka vumbi. Aibu ya mama itakaa juu kwa herufi kubwa, na ukweli wake chini kwa herufi ambazo hata yeye mwenyewe anazisoma kwa kukunja uso. Hakukasirika. Alisema, “Basi nitafutie yule msichana.”

Nilimchukua Bosi nikatoka.

Alhamisi, 23 Aprili

Mwenye duka amejua. Sijui nani kamwambia, pengine karani. Amenipa siku mbili za kupumzika bila mimi kuomba, akaongeza kwamba ile kauli yake ya kuajiriwa kuchapa niisahau. Sijaisahau, ila nimepokea zile siku.

Jumatatu, 27 Aprili

Dada, daftari hili linaondoka kesho kwa posta ya rejista.

Kovu lile ulilipata kwenye ngazi za shule ukiwa darasa la nne. Tarehe 12 Mei ya mwaka ule ulikuwa na miaka kumi na miwili, na sare ya shule yako ilikuwa ya bluu.

Miezi yote hii nimekuchukia kwa sababu msibani ulinikataza nisitaje kazi ya mvua kwenye wasifu wake. Ukasema iandikwe alikuwa mama na mfuaji, basi. Nilidhani unamwonea haya. Sasa sijui. Naona pengine ulikuwa unajionea haya wewe mwenyewe, na kitabu cha kijani kilikupa mahali pa kujificha: kama mama hakutuma taarifa, basi hakuna mtoto aliyeiacha juu ya meza. Hiyo “pengine” ni yangu, usiipokee kama habari. Na kwa nini mama hakwenda mwenyewe, kama kanuni ilivyomtaka? Labda nilikuwa naumwa, yuko nami. Hiyo pia ni labda.

Ninachokijua kwa chanzo ni hiki: walimuuliza mara mbili, na mara mbili akanyamaza. Angesema jina lako, wangekuita wewe mbele ya wanaume saba wa tume na meza ndefu, wakuulize kwa nini uliondoka. Akachagua mashuka.

Sikulaumu kwa kuondoka ofisini pale. Mtu mzima alikufokea, ukaenda shule, kama mtoto yeyote. Ningekuwa mama yako ningekukumbatia. Nakulaumu kwa miaka uliyokuwa mtu mzima. Ulimwacha afe akisomwa na watu ambao hawakuwepo, wakati wewe ulikuwepo. Nakupenda, na sitaondoa hata neno moja hapo.

Sanduku lake la bati ulilichukua wewe. Ninavyohitaji ni hivi, vinifikie kabla ya tarehe 6 Mei:

Kijitabu chake cha mfukoni cha mwaka ule, cha penseli, chenye jalada la turubai. Usikifute vumbi, usinyooshe kurasa, usiongeze wino pale penseli ilipofifia. Kama kina madoa ya mvua, ndiyo tunayoyataka.

Kitabu cha fomu za taarifa, chenye nakala za kaboni. Kitume kizima, usichane ile moja. Namba za fomu zinafuatana, na mfuatano wenyewe ni shahidi.

Barua ya kufukuzwa kazi, pamoja na bahasha yake, kwa sababu ya muhuri wa tarehe.

Picha yoyote uliyopigwa mwaka ule ukiwa na sare, kidevu kionekane.

Na barua yako. Kwa mkono wako, isipigwe chapa, yenye tarehe ya siku utakayoiandika na saini. Usiandike ulichokisoma kwenye kitabu chochote wala nilichokuandikia mimi humu. Andika ulichokiona. Usichokikumbuka, andika kwamba hukikumbuki. Anza na saa uliyotoka nyumbani, nani alikupa karatasi, ilikuwa imefungwaje. Na alichokuambia mama pale mlangoni kiandike kama alivyokisema, usimtengenezee maneno.